Kama Mpishi Hajarudisha

Anti aliponinyang'anya daftari ilikuwa saa nne asubuhi, mbele ya madereva sita wa malori na mama mmoja aliyekuwa akisubiri basi la Mombasa. Hakunipigia kelele. Alilichukua tu, akalifunga, akalisukuma chini ya debe la unga, kisha akaniambia, "Wee msichana, hapa watu wanakula. Hatuandiki vitabu."

Nilitaka kulia na nilitaka kumjibu vibaya, lakini yeye ni dada mdogo wa mama yangu, kwa hivyo nilibaki nimesimama na kalamu mkononi. Hasira yangu huanzia masikioni. Yalikuwa yanawaka.

Hoteli ya Anti iko Mtito Andei, nyuma ya kituo cha petroli, pale malori yanapoegesha. Ina meza tisa na jikoni, na kati ya meza na jikoni kuna dirisha lisilo na kioo ambalo chakula hupitia. Kwetu ni Kyuso, kaskazini mwa Kitui, na kusema kweli sikuwa nimeenda Mtito kuwa mhudumu. Nilikuwa nasomea urubani wa ndege za abiria huko Nairobi. Nilikuwa nimeenda kwa Anti kujificha.

Mtu akisikia unasomea urubani anafikiri kazi ni kushika usukani. Hawakuambii habari ya vitabu. Masomo ya nadharia ni kumi na manne: hali ya hewa, sheria za anga, injini, redio, ramani, hata vile mwili wa binadamu unavyochanganyikiwa ukikosa hewa huko juu. Kila somo lina kitabu kinene kama Biblia ya pasta wetu. Juu ya vitabu kuna maelezo ya waliotutangulia, video, maswali ya zamani kwa maelfu, na vikundi vitatu vya WhatsApp ambavyo watu hutuma mambo hata saa ya chakula. Mimi nililelewa mahali ambapo mvua ikikubali unavuna kila kitu na kukiweka ghalani, kwa sababu hujui msimu ujao utakuja na nini. Nikafanya vivyo hivyo na masomo. Kila kilichotumwa nilikihifadhi. Kila nilichosoma nilikiandika, na nilichokiandika nilikinakili tena kwa kalamu ya rangi. Nilikuwa na madaftari ya kupendeza sana, haki ya Mungu.

Masomo kumi na matatu niliyapita, mengine kwa kuchechemea. La kumi na nne likanikataa. Halikuwa hata lile gumu ambalo wote walililia. Lilikuwa somo la uzito na msawazo, yaani vile unavyopanga abiria, mizigo na mafuta ili ndege isilemee mbele wala nyuma. Ni hesabu za shule ya msingi! Lakini mimi sikuwa nimelielewa, nilikuwa nimelihifadhi. Nilijua kwamba swali la tangi la pili jibu lake ni C. Siku ya mtihani walibadilisha nambari, na C yangu ikabaki peke yake kama ng'ombe aliyepotea. Nikaanguka. Nikasoma zaidi, nikaongeza maswali mengine elfu, nikaanguka tena, kwa alama mbaya kuliko za kwanza.

Sheria ya shule yetu ilikuwa wazi: ukianguka somo moja mara tatu, unafunga virago. Nilikuwa nimebakiza mara moja tu. Na huko Kyuso kanisa zima lilikuwa likiniita "rubani wetu". Mama alipopiga simu kuuliza matokeo, nilimwambia bado wanasahihisha. Mungu anisamehe, mtihani wenyewe unasahihishwa na kompyuta kabla hujainuka kwenye kiti.

Ndipo Anti akapiga, akasema mhudumu wake amejifungua na anatafuta mtu wa wiki tatu. Nikasema naja. Mtihani wangu wa mwisho ulikuwa baada ya wiki hizo tatu. Nilifika na nguo kidogo na begi la vitabu ambalo makanga alilibeba huku akiuliza kama ni mawe.

Sasa turudi kwenye daftari. Siku hiyo ya kwanza niliingia kazini kama mwanafunzi hodari. Nilipita meza nne mfululizo nikiandika kila kitu: huyu ugali karanga, yaani na nyama ya kukaanga, huyu chapati mbili na ndengu, yule mwenye shati la bluu hataki pilipili, huyu chai ya maziwa lakini sukari atajitilia mwenyewe. Nikaenda dirishani nikasoma orodha yote kwa kasi. Mpishi, mzee wa makamo mwenye kofia ya kufumwa, aliendelea kukoroga ugali bila kunitazama. Nikajua amesikia. Nikarudi kupanguza meza.

Nusu saa ikapita, hakuna sahani hata moja. Dereva mmoja akainuka akasema lori lake haliwezi kusubiri sherehe, akaenda zake. Hapo ndipo Anti akatoka nyuma, akauliza mpishi mbona hapiki, na mpishi akajibu kwa upole, "Sijaagizwa kitu."

"Nimekusomea!" nikapaza sauti. "Nimekusomea yote!"

"Umenisomea," akasema. "Sijakurudishia."

Anti akachukua daftari, na baada ya kulizika chini ya debe la unga akanieleza desturi ya hoteli yake, ambayo kila mhudumu aliyepita hapo anaijua. Unachukua meza moja tu. Unaenda dirishani, unaitoa kwa mdomo. Mpishi anairudisha yote kwa sauti, kisha anasema "nimepata". Akisema nimepata, mzigo ni wake, kichwa chako ni kitupu, nenda meza nyingine. Asiporudisha, simama hapo hapo. "Kama mpishi hajarudisha, hujaagiza," Anti akasema. "Umejisomea tu."

Nilinuna hadi jioni. Mimi, mtu ninayeongea na mnara wa uwanja wa ndege, nafundishwa kuagiza chapati! Na bado, nikiwa naosha vikombe, likanijia. Wiki yetu ya kwanza kabisa ya mafunzo, kapteni mmoja mstaafu alitufundisha hilo hilo: mnara ukikupa maagizo, unayarudisha neno kwa neno, na usiporudisha, mnara utakuuliza tena na tena, kwa sababu kusikia si kupata. Nilikuwa nimeliandika kwa kalamu nyekundu na kulipigia mstari mara mbili.

Siku zilizofuata nilijifunza, hata kwamba strungi ni chai isiyo na maziwa. "Meza ya tatu, ugali karanga mbili, sukuma moja, strungi moja!" Kutoka ndani sauti ileile isiyo na haraka: "Tatu, karanga mbili, sukuma moja, strungi moja, nimepata." Jamani, ile raha! Sikujua kichwa kinaweza kuwa chepesi hivyo katikati ya kazi. Hata leo, nikiwa nimeketi kwenye kiti cha rubani msaidizi, mnara ukinipa maagizo marefu huwa nasikia harufu ya vitunguu.

Lakini vitabu bado vilikuwa kwenye begi. Saa tisa mchana, wateja wa chakula wakiisha, nilikuwa nikivitandaza mezani vitano kwa pamoja na kuvitazama tu. Mpishi alikuwa akimenya viazi dirishani. Siku moja akauliza, "Hiyo yote ni ya meza moja?"

Nikacheka kwa hasira. "Ni ya mtihani mmoja."

"Basi leta moja. Nikurudishie."

Nilidhani ananitania. Halafu nikafikiri, nina nini cha kupoteza? Nikafunga vitabu, nikasimama dirishani kama ninayeagiza, nikasema, "Ndege ina mahali pamoja ambapo ni kama uzito wake wote umekaa hapo."

"Ndege ina mahali ambapo uzito wote umekaa," akarudisha. Hakusema nimepata. "Hapo ni wapi? Kwa injini?"

"Hapana. Hakuna kitu hapo. Ni..." Nikakwama. Miezi saba nimesoma, nimekwama mbele ya karai la viazi! Nikajaribu tena, nikatumia mwiko wake wa ugali, nikausawazisha kwenye kidole. Akatazama. Akachovya mkono kwenye maji, akaupangusa.

"Kumbe ni hapo mwiko unatulia. Ukibandika unga huku mwisho, kidole lazima kisogee. Nimepata."

Nilimkumbatia kupitia dirisha, na akaniambia niache, kisu cha viazi kitanikata.

Kuanzia siku hiyo kila saa tisa ilikuwa darasa. Jambo moja, kwa mdomo, hadi arudishe. Asiporudisha, najua ni mimi sijaelewa. Nilijitoa kwenye vile vikundi vitatu vya WhatsApp, kama mtu anayeacha dini. Siku nilipomwambia mzigo ukikaa nyuma sana pua ya ndege huinuka na usukani huwa mwepesi, mpishi hakuweza kurudisha, lakini dereva mmoja aliyekuwa akinywa supu akadakia, "Mimi nimepata! Nilibeba nondo, zikazidi nyuma ya ekseli. Kichwa kikawa chepesi. Unashika usukani unaona gari imekuwa tamu, kumbe unaenda kufa." Nilikuwa na kurasa arobaini juu ya jambo hilo. Hakuna hata moja iliyolisema vizuri hivyo.

Halafu nikaharibu mambo. Siku chache kabla ya kuondoka, mpishi aliniuliza mbona nasoma kwa woga, kwani mtihani si unaweza kurudiwa? Nikasogea dirishani, nikainamisha kichwa, nikasema kwa sauti ya chini, "Nimeanguka mara mbili. Nikianguka tena nafukuzwa."

Miaka ishirini ya mazoea si mchezo. Mzee wa watu akainua kichwa na kwa ile sauti ya kurudisha, inayofika hadi meza ya tisa, akasema, "Ameanguka mara mbili, akianguka tena anafukuzwa, nimepata."

Wateja wote wakageuka kunitazama. Mpishi mwenyewe alijishika mdomo na mkono wenye unga. Mimi nilitamani mbuga ya Tsavo hapo ng'ambo itume simba mmoja tu anibebe.

Anti alikuja akaketi mbele yangu. "Mama yako anajua?"

"Hajui."

"Mpigie."

"Anti..."

"Mpigie sasa, ama nimpigie mimi."

Nikapiga. Mama alikuwa shambani Kyuso, nilisikia upepo. Nikasema yote kwa pumzi moja: kwamba nilidanganya, kwamba kanisa linaomba bure, kwamba naogopa. "Asi!" akasema. "Nilijua tangu siku ile. Wewe ukipita mtihani huwa unaniita mpaka mbuzi wanakimbia. Siku ile ulinong'ona." Kisha akauliza, "Mvua ikikataa mara mbili, sisi huwa hatupandi ya tatu?"

"Mnapanda, mwaitu," nikamwita mama kwa Kikamba.

"Basi. Na kanisa nitaliambia mimi. Wakitaka kuomba, waombe ukweli."

Nililala siku hiyo kama mtoto. Sikuwa nimepita chochote, lakini sikuwa najificha tena, na uzito wa kujificha ulikuwa mkubwa kuliko wa vitabu vyote kumi na vinne. Asubuhi dereva wa nondo aliniwekea andazi mezani akasema ni la rubani, na hakuna aliyenicheka isipokuwa mimi mwenyewe.

Siku ya mtihani niliingia bila daftari hata moja. Swali la kwanza lilikuwa na matangi mawili na nambari ambazo sikuwahi kuziona. Nikafumba macho, nikachukua meza moja tu. Nikalisema swali kimoyomoyo, nikalirudisha kwa maneno yangu, na nilipoweza kusema nimepata, nikajibu na kulisahau. Nikaenda la pili. Swali la mzigo wa nyuma lilipokuja nilimwona yule dereva na supu yake, nikakaribia kucheka, na msimamizi akanitazama vibaya.

Nilipobonyeza mwisho, alama zikatokea hapo hapo. Nilizisoma mara tatu. Nikatoka nje, nikaketi kwenye ngazi za jengo, nikampigia Mama, nikamwita kwa sauti iliyomfanya mlinzi wa lango ageuke. Kama kulikuwa na mbuzi karibu naye, walikimbia. Akaimba wimbo wa kanisani hadi laini ikakatika.

Kisha nikampigia Anti. Ilikuwa saa saba, nyuma yake nilisikia meza zote zimejaa.

"Anti, nimepita."

"Eh?"

"Nimepita, Anti. Nimepita!"

Hakunijibu mimi. Nilisikia viatu vyake vikienda mbio, kisha sauti yake ikipasuka kuelekea dirishani: "Amepita!"

Nikangoja. Alama nilikuwa nimeziona kwa macho yangu, Mama alikuwa amekwisha kuimba, na bado nilikuwa nimeshika pumzi, nimebana simu sikioni. Nilisikia sufuria ikiwekwa chini. Nilisikia mtu akisafisha koo. Halafu ikaja, bila haraka, sauti inayofika meza ya tisa.

"Amepita," mpishi akasema. "Nimepata."

Ndipo nikalia.