Sauti Nyuma ya Kioo

Juzi, nikichagua nyanya katika duka moja la Tottenham, London, spika za darini zilipiga ule wimbo wa roki wenye sauti ya mama, nikawa mtoto tena.

Bendi ya vijana wa Kiingereza ilikuwa imeialika kwaya ya mama iwaitikie studioni. Akina mama walikuja na vitenge vya sare chini ya makoti yaliyolowa mvua, na chumba kizima kilinukia sufu mbichi na mafuta ya nazi. Mimi niliketishwa kwa fundi mitambo, upande wa pili wa kioo kinene. Vinywa vyao vilifunguka, lakini sikusikia kitu. Niliamini kioo kile kinafyonza sauti zao, na kwamba mama hatabakiwa na sauti ya kuniita. Nikaangua kilio.

Mama aliniona. Aliacha kuimba, akasogelea maikrofoni. Fundi akanivika hedifoni zake.

"Neema, mama yangu, usilie. Niko hapa."

"Mama Neema, umetuharibia wimbo!" kiongozi wa kwaya alifoka.

Lakini wale vijana waliyapenda maneno yale kuliko kiitikio chenyewe, wakayaacha mwishoni, magitaa yakishanyamaza. Wimbo ulipotoka, shuleni mwalimu wangu, asiyejua Kiswahili, aliniuliza ile ni sala gani. Nikamjibu kwamba ni mama tu.

Mama tumemzika mwaka huu. Pale dukani niliweka kapu chini, katikati ya watu na mikokoteni yao, nikangoja magitaa yanyamaze, aniite.