Niliambiwa nisawazishe kichuguu shambani Msangano, kumbe ni kaburi la mume wa mtu

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hiki kisa nimekiona kwa macho yangu, na sijakitia chumvi hata kidogo.

Mimi ni dereva wa trekta, nakaa Tunduma. Msimu wa kulima nashuka bondeni Msangano kulimia watu mashamba ya ufuta. Ni Mnyamwanga, Mkristo, na bila kuuliza maswali silali.

Msimu uliopita mteja wangu alipewa eneo na kijiji. Katikati kulikuwa na lundo la udongo linanifika kifuani, limeota magugu. Akaniambia nikisawazishe hicho kichuguu, kinamlia nafasi.

Nikawasha.

Kabla sijakifikia akaja bibi mmoja wa Kibarbaig, wale wafugaji ambao huku tumezoea kuwaita Wamang'ati. Tumwite Bibi Udagwa. Akasimama mbele ya trekta. Nikazima.

Akatueleza kwa Kiswahili cha kuungaunga kwamba mume wake yumo mle. Kwao mzee aliyeheshimika hazikwi yakaisha. Ukoo unarudi kwa miezi kumjengea udongo na miti mpaka pawe kilima, na baada ya hapo wanakuja kumsalimia na kuomba.

Mteja wangu akacheka. "Kaburi gani halina msalaba?"

Wakuu, nisiwe mnafiki, hata mimi nilikuwa nawaza hivyo hivyo. Sisi kaburi tunalijua kwa msalaba na saruji. Udongo uliosimama tunaita kichuguu.

Jambo likafika mkutano wa kijiji. Wengi walishikilia kwamba hawa ni wahamiaji, hawana asili ya hapa. Mwenyekiti akamuuliza Bibi Udagwa walifika lini.

Akasema, "Mimi nilikuja na ng'ombe, naweza kuondoka na ng'ombe. Huyu nitamswaga vipi?"

Mimi mwenyewe nilisikia aibu, na sijui kwa nini, maana trekta nilikuwa nimeshazima.

Uamuzi ukatoka: lundo libaki na nafasi kidogo kuzunguka. Ila mazao yakiwa shambani, bibi aombe ruhusa kwa mwenye shamba kabla ya kuingia.

Mimi nikabaki na yangu kichwani. Hiyo asili inapimwaje? Wanyamwanga wenyewe nusu tuko upande wa Zambia, na wazee wanasema hata hapa tulikuta watu.

Nikamtafuta wakili mmoja ninayefahamiana naye pale Vwawa. Akaniambia sheria yetu ya ardhi ya vijiji inatambua haki za kimila. Nikamuuliza, mila zikiwa mbili kwenye shamba moja je?

Hilo akaliruka, akasema kuna azimio la Umoja wa Mataifa la haki za watu wa asili, na linataja kabisa haki ya kutunza na kuingia sehemu zao za ibada. Tanzania ililipigia kura ya ndiyo. Tatizo msimamo wa serikali ni kwamba Waafrika wote ni wa asili, hakuna kundi la pekee. Halafu azimio si mkataba, halimfungi mtu moja kwa moja.

Kwa hiyo wote ni wa asili, ila kwenye mkutano wetu mmoja hakuwa. Hapo ndipo nilipoishia kuelewa.

Ufuta ulipokomaa nikapita tena kule. Nikamkuta Bibi Udagwa amekaa nje ya shamba, ameshika majani mabichi ya kumpelekea mzee wake. Mwenye shamba alikuwa ameenda Tunduma, na simu yake haipatikani.

Nikamwambia apite tu, nani atamwona. Akakataa. Akasema akiingia bila ruhusa, mwakani watalima mpaka juu ya mzee wake.

Nilipogeuza kurudi jioni alikuwa bado yuko pale pale.

Nilichojifunza ni kuuliza udongo una nani kabla ya kuwasha mashine. Lakini kuna moja limenishinda, wanasheria na wafugaji humu nisaidieni: mtu akiomba ruhusa kumsalimia mume wake, hiyo ni haki aliyopewa au ni hisani?