Permis ya jirani yangu

Jirani yangu ni fundi magari kutoka Zambia, aliyeoa huku kwetu katika komini moja ya mji wetu, iitwayo Kenya kama ile nchi. Hata akienda kununua makala ya kupikia, pasipoti na kadi yake ya ukaazi zimo katika mfuko wa shati, zimefungwa kwenye plastiki, na kila akiona polisi mkono wake hupanda kifuani wenyewe. Gari lake aliliosha kila Jumamosi lakini hakuliendesha, kwa kuwa permis ya kwao ya kuendesha gari haikukubaliwa hapa, na ya hapa ilikuwa haijatoka.

Mama mkwe wake alipougua huko Lukafu, mke wake alimsihi mbele yetu: "Baba Bénie, twende tu tumulete ku hospitali. Mama iko nakufa."

Akajibu kwa sauti ndogo, macho chini: "Kama banikamata bila permis, batanirudisha kwetu. Batoto batabakia na nani?"

Alihangaika mtaa mzima kutafuta dereva. Alipompata, mama alikuwa ameshafariki.

Permis ilitoka baada ya matanga. Nilimkuta ameishika kwa ncha za vidole vyake vyeusi kwa oili. "Félicitations, voisin," nikampongeza, kisha nikajuta. Asubuhi iliyofuata alimfungulia mke wake mlango wa mbele wa gari, waende kaburini. Mama Bénie akaupita, akafungua wa nyuma, akaketi huko peke yake kama abiria. Jirani yangu akaufunga ule mlango wa mbele taratibu, akawasha gari.