Mguu Chini ya Shuka

Mtaani walimwita Nusu Inchi, kwa sababu hakuna mteja aliyewahi kuambiwa kitambaa chake kinatosha. Siku zote kilipungua nusu inchi. Alishona miaka thelathini kwa cherehani ya kukanyaga, ya mota hakutaka hata kuisikia, hadi kiharusi kilipompiga upande wa kulia. Mkono ulirudi upesi. Mguu ukagoma.

Dada yake, aliyekuwa akimpikia na kumsema kwa bidii ileile, alimwekea sharti. Mwezi ukiisha hajamaliza gauni hata moja, cherehani itakwenda kwa mwanawe huyo dada, ambaye naye ni fundi. Nusu Inchi alikubali kwa shingo upande.

Kliniki alikanyaga mashine yenye skrini. Kila akikanyaga, mstari wa kijani ulipanda, naye alimaliza dakika ishirini huku akipiga soga. Siku moja mstari ukapanda kwa kusuasua. Dakika ya saba alikuwa hoi, akalalamika kwamba mashine imekazwa. Mtaalamu wa mazoezi, binti asiyezungusha maneno, akamjibu kwamba uzito ni uleule wa jana. Alichopunguza yeye binti ni mwendo wa mstari tu.

"Mguu wako unayauliza macho kama umechoka," alisema.

Nusu Inchi alikasirika. Aliona amechezewa kama mtoto, na kliniki hakurudi wiki nzima.

Nyumbani cherehani haina skrini. Alikaa akainamia mguu, jambo ambalo fundi hafanyi, maana fundi hutazama sindano. Alivyozidi kuukodolea macho ndivyo ulivyozidi kuwa gunia la mchanga. Mishono mitano, jasho, basi. Siku ya mwisho ya mwezi ilimkuta amekata tamaa, na aliogopa. Hilo hakumficha mtu.

Dada yake, aliyekwisha kusimuliwa kisa cha skrini mpaka akakichoka, alimletea gauni lake mwenyewe, limekatwa tayari. Kisha akamtandikia shuka kuukuu toka mapajani hadi sakafuni. Pedeli na miguu vikapotea.

"Tazama kazi," alimwambia.

Akashona. Aligombana na pindo, akaulaumu uzi, akadai kitambaa kimepungua nusu inchi. Upande wa kwanza ukaisha, wa pili ukafuata. Akaanza kujisifu jinsi mguu wa kushoto, ule mzima, unavyombebea mwenzake mzigo.

Dada akainua pembe ya shuka, akainama kuchungulia. Akakawia huko chini.

"Kuna nini?" aliuliza Nusu Inchi.

"Wa kushoto uko sakafuni, kaka. Unaokanyaga ni wa kulia peke yake."

Gurudumu lilikuwa bado linazunguka. Machozi yalimlenga, na sindano akaanza kuiona kwa taabu, lakini hakuinama.

"Rudisha shuka," alisema, "kabla sijauona."