Verna Stuckey na Mpango wa Chakula

Verna Stuckey hakuwa bahili, na anayesema alikuwa bahili aje aniambie mimi uso kwa uso. Bahili huwanyima watu. Verna alijinyima mwenyewe tu. Aliosha mifuko ya plastiki ya friza na kuianika juu ya sinki. Alikata kuponi za gazeti la Jumapili kabla ya kusoma habari hata moja, na aliendesha gari hadi upande wa pili wa Fort Wayne kwa sababu petroli ya huko ilikuwa imepungua senti nne. Tukimwambia amechoma petroli zaidi ya alichookoa, alisema, "Nyinyi kazi yenu kucheka tu," na wiki iliyofuata akaenda tena.

Alipika katika jiko la shule ya msingi miaka thelathini na mmoja. Watoto wa mtaa mzima walikula kwa mkono wake, na sijapata kusikia hata mmoja aliyeondoka kwenye foleni yake na sahani tupu. Alipostaafu walimpa saa ya ukutani na keki. Saa akaitundika, keki akaikata vipande, akavigandisha, akavila hadi Pasaka.

Baadaye binti yake Janelle aliachana na mumewe, akarudi nyumbani na mtoto, Delaney, wa miaka mitano. Janelle alikuwa akiuguza wazee zamu ya asubuhi, kwa hiyo mtoto akalelewa na bibi. Akayachukua ya bibi yote, hata yale ambayo bibi hakutaka ayachukue.

Verna aliligundua hilo siku moja kwenye mgahawa mdogo karibu na kanisa lao. Delaney alikuwa na miaka saba. Walipewa orodha ya vyakula, na Verna akaona kidole cha mjukuu wake hakipiti kwenye majina ya vyakula. Kilikuwa kinateremka upande wa kulia, kwenye bei. Kikafika chini kabisa, kikasimama.

"Mimi viazi tu, bibi. Na maji."

"Viazi tu? Si ulisema njaa inakuuma tangu ibadani?"

"Imeisha."

Verna aliumia. Njaa ya mtoto haiishi kwa kusoma orodha ya vyakula, na aliyemfundisha kuisoma hivyo alikuwa yeye. Alipofika nyumbani alichukua kopo la kahawa, akaandika juu yake kwa kalamu nene FLORIDA, akaanza kuweka. Alitaka wiki moja tu ambayo mtoto yule atakula bila kutazama bei. Basi, hilo tu.

Kopo lilichukua karibu miaka mitatu kujaa. Walichagua bustani ya burudani ya huko Florida iitwayo Marigold Bay, yenye treni za kupinduka, mto wa maboya, na dubu mkubwa wa manyoya anayekumbatia watu. Wangepanga chumba hukohuko ndani, usiku tano, Juni, Jumapili hadi Ijumaa. Jumatano katikati ya wiki hiyo, Delaney angetimiza miaka kumi.

Sasa, kila anayekwenda kule hukutana na swali lilelile: ununue mpango wa chakula au ulipe kila unapokula? Ukiununua, unalipa yote kabla hujatoka kwako, unavalishwa bangili, na mezani hutoi hata senti. Verna aliupenda mpango huo tangu alipousoma, kwa sababu mwenye bangili hana haja ya kutazama bei. Lakini Verna ni Verna. Lazima kwanza apige hesabu.

Alichukua siku nne. Alitoa kwenye tovuti orodha za vyakula za migahawa yote kumi na saba ya bustani, akaandika nani atakula nini, wapi, siku gani. Bila mpango, watu watatu wangekula dola elfu moja mia moja na themanini. Mpango wa mtu mzima ulikuwa dola tisini na mbili kwa usiku, wa mtoto ishirini na tisa. Mtoto ni wa chini ya miaka kumi. Delaney akihesabiwa mtoto, mpango unaokoa dola mia moja na kumi na tano. Akihesabiwa mtu mzima, mpango unakula dola mia mbili zaidi, na kopo halikuwa na mia mbili zaidi.

Verna alikwenda kwa jirani yake, Phyllis Burkholder, aliyekwishafika Marigold Bay mara nane na anayeizungumzia kana kwamba ndiye aliyeijenga.

"Kumi ni kumi, Verna," alisema Phyllis. "Mtoto akitimiza kumi akiwa mle ndani, wanakutoza mtu mzima tangu siku ya kwanza. Wale watu hawana mchezo."

"Na watu hufanyaje?"

"Watu? Watu wanapunguza mwaka mmoja, mwenzangu. Nani atamwomba mtoto cheti cha kuzaliwa kwa sahani ya makaroni?"

Nimewaza sana kuhusu hapo. Mwanamke anayesoma maandishi madogo hata kwenye kopo la supu, kwa nini hakupiga simu kuwauliza wenyewe? Kuuliza si ujinga, sote tumekuzwa na maneno hayo. Lakini Verna alikuwa amekwisha kuamua kusema uongo, na mwenye uongo mfukoni huogopa kuuliza, asije akajulikana. Akajaza fomu. Penye mwaka wa kuzaliwa akasogeza mbele mwaka mmoja.

Janelle aliiona fomu ile juu ya meza ya jikoni.

"Mama, hii nini? Mtoto anafikisha kumi, wewe unamrudisha tisa?"

"Ni kwa wiki moja tu."

"Amekuwa akiimba tarakimu mbili, tarakimu mbili tangu Krismasi! Unamjua Delaney."

"Basi wewe toa hizo mia mbili."

Janelle hakuwa nazo, na Verna alijua hana. Alijuta papo hapo kwa kulisema, lakini lilikuwa limeshatoka.

Kwa hiyo Verna akamketisha mjukuu wake na kumweleza. Alieleza vizuri, kama anavyoeleza mambo yote, na namba zake. Delaney alisikiliza huku amekunja miguu kitini.

"Kwa hiyo kule nitakuwa na tisa."

"Nane, mpaka Jumatano. Halafu tisa."

"Nane!" Macho yalimtoka. "Bibi, nane ni wa darasa la pili!"

"Kwa wiki moja. Tukirudi nyumbani tutafanya sherehe ya kumi, na keki, na marafiki zako wote."

Delaney alifikiri kidogo. "Tunaokoa ngapi?"

"Mia moja na kumi na tano."

"Ni nyingi," mtoto alisema kwa uzito, akakubali. Verna akambusu kichwani na kumwita mtoto mwenye akili.

Walisafiri kwa gari siku mbili, na mikate ya siagi ya karanga ndani ya boksi la barafu. Jumapili mchana wakavalishwa bangili: Verna na Janelle za bluu, Delaney ya kijani. Getini alisimama kijana mwenye kikapu cha beji. Kule ukisema ni siku yako ya kuzaliwa, hata kama ni ya wiki hiyo, unapewa beji kubwa yenye jina lako na umri wako, na kila mfanyakazi utakayepita mbele yake atakupongeza kwa sauti, kuanzia mwendesha treni hadi mfagizi.

"Haya, nani hapa anasherehekea?" aliita kijana yule.

Delaney alifungua mdomo. Akamtazama bibi yake. Akaufunga.

"Hakuna," alisema Verna. "Tunatembea tu."

Hesabu zilikwenda kama zilivyoandikwa, hilo lazima niliseme. Kila kilicholiwa kilikuwa kimelipiwa, na kila usiku Verna alikuta mpango uko mbele. Alichosahau ni kwamba bangili ya kijani huagiza kwenye orodha ya watoto tu. Delaney alisimama mbele ya mabakuli ya kamba wa kukaanga na kunusa, kisha akaletewa makaroni ya jibini. Siku ya pili vipande vya kuku. Siku ya tatu makaroni tena. Hakulalamika. Verna alimsukumia nusu ya kamba wake, naye mwenyewe akashinda na njaa, mpaka Janelle akaguna.

"Mama, umelipia chakula cha watu watatu, wanakula wawili na nusu. Huo ndio uokoaji?"

"Kula ulichonacho, Janelle."

Jumatano jioni walikaa kwenye mgahawa wa kando ya maji. Mara taa zikapunguzwa, wahudumu sita wakatoka jikoni wakipiga makofi na kuimba, na wa mbele yao amebeba keki. Fomu ilikuwa na siku ya kuzaliwa, na Marigold Bay haisahau siku ya kuzaliwa ya mtu. Juu ya keki palisimama mshumaa mkubwa wenye umbo la tisa.

"Hongera, Delaney! Umetimiza ngapi, malkia?"

Mgahawa mzima ulikuwa unamtazama. Delaney alimtazama bibi yake, kisha akatabasamu vizuri sana, tabasamu ambalo Verna hakuwa amepata kuliona usoni pake.

"Tisa!" alisema.

Akapuliza mshumaa. Watu wakashangilia. Aliwashukuru wahudumu mmoja mmoja, akala keki yake, hakumwaga chozi. Janelle ndiye aliyeondoka mezani akisema anakwenda msalani, akakaa huko muda mrefu.

Angelia mtoto, Verna angemnyamazisha. Angenuna, angemkemea. Lakini ameidanganya dunia kwa ufundi, bila kosa hata moja, na huo ufundi kaujulia wapi? Verna aliona aibu, aibu ya kweli, ya kumkosesha mtu hamu ya kula. Sahani yake ya kamba ilirudi jikoni imejaa. Sijui kama ilipata kutokea tena maishani mwake.

Asubuhi yake, kabla wenzake hawajaamka, alikwenda mapokezi na pochi yake. Alikuwa na kadi ya benki aliyoiweka kwa ajili ya gari likiharibika njiani. Nyuma ya meza alisimama mama wa makamo mwenye miwani, beji yake imeandikwa Ofelia.

"Nimekuja kulipa," alisema Verna. "Nilidanganya umri wa mjukuu wangu. Jana ametimiza kumi, si tisa. Nitozeni ya mtu mzima, tangu Jumapili."

Ofelia hakushtuka. Inaelekea aliyasikia hayo kila wiki. Aliuliza tarehe ya kweli, akaiandika, akatazama kioo cha kompyuta.

"Mlifika Jumapili?"

"Ndiyo."

"Jumapili alikuwa na miaka tisa."

"Ndiyo, lakini jana..."

"Mama yangu, sisi tunahesabu umri wa siku ya kufika. Aliyeingia na tisa ni mtoto mpaka anatoka. Ipo kwenye masharti, ukurasa wa tisa. Hudaiwi kitu."

"Nitozeni tu," alisema Verna.

"Nikutoze nini?"

"Hata kitu kidogo."

Ofelia alivua miwani, akamtazama. Kisha akavuta mtoto wa meza, akatoa beji, akaandika Delaney, akaandika 10 kubwa. "Imechelewa siku moja. Mpelekee."

Yule mwanamke wa senti nne alirudi chumbani hajapoteza hata dola moja. Dola zile mia moja na kumi na tano zilikuwa zake tangu mwanzo, kwa haki, bila uongo wowote. Deni angelimaliza kwa kadi. Kosa hili hakuwa na cha kulimalizia.

Delaney alikuwa amekaa kitandani akifunga viatu. Verna alimweleza yote, na safari hii hakutaja namba. Alisema, "Bibi alikosea. Bibi alikosea sana, na hakukuwa na haja. Nisamehe, mwanangu."

"Kwa hiyo ningesema tu?"

"Ungesema tu."

"Tangu getini?"

"Tangu getini."

Delaney aliigeuza beji mkononi. "Sawa," alisema, akaichomeka kwenye fulana. Janelle alimsaidia kuinyoosha.

Mchana walisimama kwenye foleni ya aiskrimu. Beji ilikuwa imefunikwa na kamba ya mkoba wa mtoto. Muuza aiskrimu, mzee mcheshi mwenye kofia ya karatasi, aliinama dirishani.

"Na wewe, binti mrembo, una miaka mingapi?"

Lilikuwa swali la kupitisha muda tu. Delaney aligeuka, akainua uso kwa bibi yake, akasubiri aambiwe.