Kumbeba Aliyepona

Alhamisi, kwenye mlango wa hospitali, niliwaona wanaume wawili wamembeba baba yao, mvuvi aliyelazwa wiki tatu katika chumba cha wagonjwa mahututi. Muuguzi aliwazuia kwa mkono.

"Mumushushe. Papa atembee mpaka kwenye pikipiki."

"Mama, iko muzaifu!" mwana mmoja akamwambia muuguzi. "Watu watasema tunamutesa."

"Bon, waseme. Miguu imelala sana. Mukimubeba kila siku, hatasimama tena."

Mzee akasema polepole, "Munishushe." Alipiga hatua nne akitetemeka, na wanawe wakatazama pembeni kwa aibu.

Mimi sikuambiwa hivyo, au niliambiwa, sikusikia. Mke wangu alipotoka katika chumba kama kile, nilimbeba miezi miwili, mpaka akafa bila kusimama. Mtaani bado wananisifu kwamba nilikuwa mume mwema.