Walter na Damu Moja

Walter mtoto wa Milka mimi simsamehe. Mwaka wa themanini na sita alitoka yunivasiti Nairobi na suti ya mtumba, ati anasomea makabila. Mamake anauza samaki ya omena soko ya Kibuye, yeye anasomea pua za majirani.

Akanikuta kwa kibanda yangu hapo sokoni, mbele ya wateja. "Mama Kadija, wewe ni kabila gani?"

Nikamwambia ukweli. Babu alitoka Tabora, nyanya Mnubi, mama Mjaluo wa Asembo. Mimi nimezaliwa hapa Kaloleni.

Akacheka. "Basi huna kabila, Mama. Wewe ni nyoyo tu, mahindi na maharagwe kwa sufuria moja. Sisi Wajaluo ndio damu moja tangu zamani."

Wanawake walicheka mpaka omena ikamwagika. Tangu hiyo siku soko mzima wananiita Mama Nyoyo. Hata kwa chama yetu ya kuzikana Milka akaniuliza, "Ukikufa tutakupeleka kwenu wapi?" Kwetu! Mtu amezaliwa hapa anaulizwa kwao.

Miaka mitano nikameza.

Walter akaoa Apiyo, wakapata msichana. Huyo mtoto alilia! Hanyonyi, halali. Wajaluo wanajua mtoto akilia hivyo kuna marehemu anataka jina lake. Milka akaniita nisaidie kubeba. Nikaenda, jirani ni jirani hata kama amezaa mdomo. Wamama wakaita majina ya wafu. Adero? Kilio. Perez? Kilio zaidi. Walter na tai yake akataja mababu wa damu moja mpaka wakaisha.

Milka akamwinamia mtoto. Akasema pole pole, "Nabututu?"

Mtoto akanyamaza kabisa. Akaanza kutafuta titi.

"Nabututu ni nani?" Walter akauliza. Hilo si jina la Kijaluo, hata kuku anajua.

"Nyanya yangu," Milka akasema, macho chini. "Mbukusu. Alitoka Bungoma. Sikutaka wakucheke shule."

Wamama wote wakaniangalia. Nikampa Apiyo mtoto wake, nikapanguza mikono.

"Bwana Kabila," nikamwambia, "karibu kwa sufuria. Wewe ni mahindi ama maharagwe?"

Wa kwanza kucheka alikuwa mamake. Na kwa chama Milka mwenyewe akasimama: "Mama Kadija kwao ni Kaloleni. Nani tena anauliza?"

Wanawake walikuwa wamegeukia Walter, anapita nje na suti yake: "Bwana Nyoyo! Habari ya damu?"